Paneli imegeuka njano: namna ya kuikagua, kuipima na kuipunguzia joto

Maswali haya hayaishi. Paneli yangu imegeuka njano, imekufa? Nipake dawa gani irudi kama mpya? Nikinunua ya mtumba yenye rangi ya chai, nimeliwa? Majibu ya haraka: rangi peke yake haiui paneli, dawa ya kuirudisha hakuna, na ya mtumba hununuliwa kwa kuipima kwa mita ya umeme, si kwa macho. Maelezo yafuatayo ni ya paneli za silikoni zenye kioo mbele na fremu ya aluminiamu, ziwe za wati 50 za taa na redio au za wati 400 juu ya paa la duka.

KINACHOTOKEA NDANI

Seli hazikai wazi chini ya kioo. Zimebanwa kati ya matabaka mawili ya plastiki laini iitwayo EVA. Kiwandani plastiki hiyo hupashwa moto hadi karibu nyuzi 145 ili iyeyuke, ishike kioo upande wa mbele na karatasi ya nyuma upande wa pili, kisha igande moja kwa moja. Ikiwa mpya haina rangi kabisa. Mionzi ya UV inayopenya kioo hukata minyororo ya polima hiyo na kuzimaliza taratibu kemikali za kinga zilizochanganywa humo. Joto huharakisha kazi yote. Masalia yake ndiyo rangi unayoiona, njano kwanza na kahawia baadaye. Pamoja na rangi hutoka asidi ya asetiki, ile iliyomo kwenye siki. Hiyo ndiyo ya kuogopa. Rangi huzuia mwanga kidogo tu, lakini asidi hula mistari ya fedha iliyo juu ya seli na viungo vilivyolehemiwa.

Joto lenyewe linakokotoleka. Hewa ikiwa nyuzi 32 na jua likiwa la wati 1,000 kwa mita ya mraba, paneli ya kawaida yenye hewa nyuma hufika kama nyuzi 63. Ilaze juu ya bati bila nafasi, na unaweza kuongeza nyuzi 10 hadi 15. Kwa makadirio ya mafundi, kila nyuzi 10 za ziada huongeza kasi ya kuchakaa takriban mara mbili, kwa hiyo nafasi ya hewa nyuma ya paneli ina thamani kuliko chapa iliyoandikwa mbele.

Mfano unaojulikana zaidi ni kituo cha umeme wa jua cha Carrizo Plain, California, kilichojengwa na kampuni ya ARCO Solar katikati ya miaka ya 1980. Paneli ziliwekewa vioo vya kuakisi pembeni ili zipate mwanga zaidi. Zikapata mwanga zaidi na joto zaidi, EVA ikageuka kahawia ndani ya miaka michache, umeme ukashuka, na katika miaka ya 1990 kituo kilivunjwa na paneli zake kuuzwa kama mitumba. Anayekushauri uegemeze mabati yanayong'aa kando ya paneli ili "zivute zaidi" anakupeleka huko huko.

VITU VYA KUANDAA

- Malitimita yenye kipimo cha amperi 10 za DC, au mita ya kubana waya inayosoma DC. Mita nyingi za kubana za bei ya chini husoma amperi za AC tu. Hakikisha kabla ya kulipa.
- Kipimajoto cha infraredi, kile chenye umbo la bastola.
- Kipima nguvu ya jua. Kama huna, paneli moja mpya unayoiamini inatosha.
- Karatasi nyeupe ya A4, tochi, kitambaa cheusi, kitambaa laini, maji safi.
- Blanketi zito au boksi lililofunguliwa la kufunika paneli nzima.
- Glavu za fundi umeme, ngazi iliyofungwa vizuri, na mtu wa pili chini.
- Kwa fundi: mita ya insulesheni ya volti 500 au 1,000, yaani mega.
- Kalamu isiyofutika na daftari. Ipe kila paneli namba kwenye fremu, la sivyo vipimo vitachanganyika.

ONYO KABLA YA KUGUSA

Paneli haina swichi. Jua likiwepo, umeme upo, hata kama inveta imezimwa. Paneli kumi za volti 38 zilizofungwa kwa mfululizo zina volti 380 za DC, na hizo huua. Kama mfumo wako una zaidi ya paneli mbili katika mfululizo na wewe si fundi, fanya ukaguzi wa macho na wa joto, kisha hatua za vipimo mwachie fundi.

HATUA

1. Osha asubuhi mapema, paneli ikiwa bado baridi. Tumia maji na kitambaa laini, bila sabuni ya unga wala brashi ngumu. Kumwaga maji baridi juu ya kioo chenye nyuzi 60 kunaweza kukipasua. Vumbi jekundu na kinyesi cha ndege hufanana na unjano wa EVA ukiwa chini, hivyo usihukumu rangi kabla ya kuosha.

2. Pima joto paneli ikiwa kazini, kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana, anga ikiwa haina mawingu. Hatua hii hufanyika kabla ya kuzima chochote, na mfumo uwe unavuta mzigo au kuchaji betri. Ukiweza kufika nyuma ya paneli, pimia huko. Kioo huakisi anga na kuidanganya mita. Ukilazimika kupimia mbele, iweke emisiviti (namba unayoiwekea mita kulingana na uso unaopimwa) kama 0.85, simama karibu, na elekeza mita wima kwenye kioo bila kivuli chako kugusa seli. Usihangaike sana na namba yenyewe. Linganisha seli na seli. Tofauti ya nyuzi 3 au 5 ni ya kawaida. Seli iliyozidi wenzake kwa nyuzi 20 inaunguza EVA yake yenyewe. Andika mahali ilipo. Usisahau kiboksi cha nyuma: sehemu moja yake ikiwa moto kuliko kawaida, shuku dayodi (kifaa kidogo kinachopitisha umeme upande mmoja tu) au kiungo kilicholegea.

3. Zima na tenganisha kwa mpangilio. Kwenye inveta, zima breka ya AC kwanza, kisha ya DC. Kwenye mfumo mdogo wa betri, ondoa paneli kwenye chaji kontrola kwanza, betri baadaye. Ndipo ufungue viungo vya MC4, yaani plagi za waya za paneli. Kuvifungua mkondo ukiwa unapita huzalisha cheche ya DC ambayo haijizimi kama ya AC, na huunguza kiungo hata kama haikukuunguza wewe.

4. Soma rangi. Weka karatasi nyeupe kando ya nafasi zilizo kati ya seli, kisha linganisha. Hapa inafaa kutulia, kwa sababu mpangilio wa rangi hueleza mengi.

Njano au kahawia katikati ya seli, na ukanda usio na rangi kuzunguka kingo zake, ndiyo dalili halisi ya EVA iliyochakaa kwa mwanga na joto. Kingo hubaki safi kwa sababu oksijeni hupenya karatasi ya nyuma, hupita kwenye nafasi kati ya seli na kuifuta rangi hapo. Katikati ya seli haifiki. Ukiona michirizi isiyo na rangi ikikatiza katikati ya kahawia, hiyo ni mipasuko ya seli, oksijeni imepita humo. Kwenye paneli za kioo mbele na nyuma, oksijeni huingia pembeni tu, hivyo unjano huweza kuenea kote isipokuwa karibu na fremu.

Kama seli ni safi lakini nafasi nyeupe kati yake ndizo za njano, aliyechakaa ni karatasi ya nyuma. Na seli moja tu ikiwa ya kahawia huku nyingine zote safi, tatizo si umri. Rudi kwenye vipimo vya joto vya hatua ya 2.

Michirizi myembamba ya kijivu au ya kahawia, ile ambayo mafundi huifananisha na njia ya konokono, hufuata nyufa za seli na hutokana na unyevu kukutana na fedha. Haina madhara makubwa yenyewe. Inakuonyesha tu kwamba paneli ilikanyagwa, iliangushwa au ilisafirishwa vibaya.

5. Tafuta mapovu na kubanduka. Mulika tochi kwa ulalo, karibu sambamba na kioo. EVA iliyobanduka huonekana kama doa jeupe au la maziwa, hasa juu ya tepe za chuma zinazounganisha seli. Kipimo cha hatari ni kimoja: je, mapovu yameungana kuwa njia kutoka kwenye seli au tepe hadi kwenye fremu? Kama ndiyo, maji yatapita humo na fremu itashika umeme. Paneli hiyo haifai, hata ikitoa amperi zote.

6. Geuza nyuma. Sugua karatasi kwa kitambaa cheusi. Kikitoka na unga mweupe, ngozi ya nje imeanza kuliwa na jua. Tafuta nyufa kwa kucha, hasa zinazofuata mistari ya tepe na nafasi kati ya seli. Kuwa mwangalifu zaidi na paneli zenye karatasi ya nyuma ya poliamaidi zilizotengenezwa kati ya 2010 na 2013. Nyingi zilipasuka mapema. Doa lililoungua au lililovimba nyuma ya seli ni sababu ya kuishusha paneli siku hiyo hiyo.

7. Pima volti na amperi. Funika paneli kwa blanketi, unganisha mita, funua, soma, funika tena, ndipo uchomoe. Anza na volti bila mzigo. Usishtuke ikiwa ndogo kuliko ya lebo: lebo imeandikwa kwa nyuzi 25, na volti hushuka takriban asilimia 0.3 kwa kila nyuzi inayozidi hapo. Paneli ya volti 22 ikiwa na nyuzi 60 husoma karibu volti 19.7 na ni nzima.

Amperi za shoti ndizo zinazoonyesha mwanga unaopotea kwenye EVA. Weka malitimita kwenye tundu la 10A, gusisha chanya na hasi za paneli moja. Paneli moja haiharibiki kwa shoti ya muda mfupi. Lakini paneli kubwa za kisasa hutoa amperi 11 hadi 18 na zitakata fyuzi ya mita. Kwa hizo unganisha waya mbili za paneli pamoja na ubane mmoja kwa mita ya kubana.

Sasa hesabu. Tuseme lebo inasema amperi 6.0 na kipima jua kinasoma wati 850. Unatarajia 6.0 × 0.85 = 5.1. Ukipata 4.6, paneli imepoteza karibu asilimia 10. Kama huna kipima jua, ilaze paneli mpya kando ya ile ya zamani kwa mwinamo ule ule na upime zote mbili ndani ya dakika moja. Mpya ikitoa asilimia 90 ya lebo yake, ya zamani nayo ilitakiwa kutoa asilimia 90.

8. Pima ikichaji. Hatua hii hurukwa sana, nayo ndiyo hunasa kazi ya asidi. Tumia chaji kontrola ya aina ya PWM, ile inayoiunganisha paneli moja kwa moja na betri (aina ya MPPT, inayobadilisha volti, haifai kwa jaribio hili) na betri ya volti 12 ambayo haijajaa, ikiwa chini ya volti 13.5 wakati wa kuchaji. Kwa paneli ya seli 36, amperi zinazoingia zinapaswa kukaribia zile za shoti. Shoti ikiwa 5.1 na chaji ikiwa 4.0, mwanga unaingia vizuri lakini umeme unazuiwa njiani: viungo vimeliwa ndani, au MC4 na waya ni mbovu. Badilisha waya kwanza, kisha pima tena kabla ya kuilaumu paneli.

9. Pima insulesheni, kwa fundi tu. Unganisha chanya na hasi za paneli pamoja, peleka kwenye mega, waya wa pili wa mega kwenye chuma kisicho na rangi cha fremu. Paneli iwe imefunikwa. Kiwango cha IEC 61215, mtihani wa kimataifa wa paneli, ni megaomu 40 kwa mita ya mraba: gawa 40 kwa eneo la paneli. Yenye mita 1.6 za mraba inatakiwa kufika angalau megaomu 25. Ndogo ya mita 0.65 angalau 62. Lowesha nyuma na kingo kisha rudia. Nyingi zinazofaulu zikiwa kavu huanguka hapa.

10. Amua. Maabara ya NREL ya Marekani ilipokusanya viwango vya upungufu vilivyochapishwa, kiwango cha katikati kilikuwa asilimia 0.5 kwa mwaka. Kwa hiyo paneli ya miaka kumi iliyopoteza asilimia 5 hadi 8 ni mzee wa kawaida, iache. Kati ya 10 na 20, itumie, ila usiifunge kwa mfululizo na paneli nzima, kwa kuwa dhaifu huvuta wenzake chini. Zikusanye dhaifu pamoja. Zaidi ya 20, ipeleke kwenye kazi ndogo, na bei ya mtumba ishuke vivyo hivyo. Ikishindwa hatua ya 5 au ya 9, iondoe bila kujali amperi.

11. Ukiirudisha, ipe hewa. Acha sentimita 10 hadi 15 kati ya paneli na bati, na usizibe juu wala chini, maana hewa ya moto hupanda na inahitaji pa kutokea. Acha sentimita 2 kati ya paneli na paneli. Mwinamo usipungue nyuzi 10 hata ukiwa karibu na ikweta, ili mvua ioshe na maji yasituame kwenye fremu. Ondoa kivuli cha antena, tawi au tangi. Kivuli cha seli moja huigeuza kuwa hita.

MAKOSA YANAYORUDIWA

Kupaka vanishi au silikoni juu ya kioo. Rangi iko chini ya kioo, dawa yako itabaki juu na kuongeza kivuli.

Kutoboa karatasi ya nyuma ili povu litoke. Umefungua mlango wa maji na wa umeme kwa pamoja.

Kubandika filamu ya kuzuia UV kama ya madirisha ya gari. Inakata mwanga leo ili kuokoa plastiki ambayo imekwisha kuharibika.

Kuamini lebo ya IEC 61215 kama ahadi ya miaka 25. Jaribio lake la UV ni la kWh 15 kwa mita ya mraba, kiasi ambacho jua la Dodoma huweza kukitoa ndani ya takriban miezi miwili. Ni mtihani wa kuingia sokoni. Unaponunua mpya, uliza kama plastiki ya ndani ni EVA au ni ya aina nyingine iitwayo POE. POE haitoi asidi ya asetiki, na kwa paneli za kioo pande zote mbili, ambako asidi haina pa kutokea, tofauti hiyo ina maana.

UKIKWAMA

Volti imeshuka kwa nusu au theluthi. Si EVA. Dayodi imeshika shoti. Paneli ya seli 36 kwa kawaida ina dayodi mbili na hupoteza nusu. Ya seli 60 au 72 ina tatu na hupoteza theluthi. Kama kiboksi kinafunguka, badilisha kwa dayodi yenye amperi sawa au zaidi.

Njano sana, lakini amperi ni nzuri. Hutokea. Jicho huona bluu ikipotea, ilhali seli hupata sehemu kubwa ya nguvu yake kwenye nyekundu na infraredi. Iendelee kufanya kazi, irudie hatua ya 5 na ya 9 kila mwaka.

Amperi zinabadilika kila ukisoma. Wingu jembamba. Subiri, au tumia njia ya paneli mbili.

Inveta inakataa kuwaka asubuhi au baada ya mvua, mchana inakubali. Umande umeingia kwenye ufa wa karatasi ya nyuma na inveta imeona umeme ukivuja. Tenganisha paneli moja moja na upime kila moja ikiwa imeloweshwa. Usiizime kinga ya inveta ili "iwake tu".

Paneli zote za safu ya juu ni za kahawia, za chini ni safi. Hewa ya moto inapanda na kunasa juu. Inua safu hiyo au fungua sehemu ya juu iliyozibwa na bati la ukingo.

Mapovu yameonekana ndani ya mwaka wa kwanza. EVA haikuiva vizuri kiwandani, au paneli imekaa kwenye joto lililopita kiasi. Piga picha yenye namba ya paneli, hifadhi risiti na vipimo vya hatua ya 2 na ya 7, dai garantii ya bidhaa. Garantii ya wati, yaani ya kiasi cha umeme, itakuzungusha, kwa sababu amperi bado hazijashuka.

Paneli iliyokataliwa kabisa. Kata waya zake kabla ya kuitoa uani, vinginevyo kesho itakuwa sokoni tena ikiwa imesafishwa kioo. Usiichome moto: karatasi nyingi za nyuma zina florini, na moshi wake ni sumu.